Matangi ya dizeli yaliyozikwa majumbani Lamu yaachiwe wenye ujuzi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo halionekani kwa macho, kwa kuwa limefukiwa mchangani, lakini ambalo sisi wakazi wa kisiwa cha Lamu huenda tunalinywa bila kujua. Nakusudia matangi ya chuma ya kuhifadhia dizeli yaliyozikwa katika nyua za nyumba zetu na za nyumba za wageni, mengi yao yakiwa hayajatumika kwa miaka, na ambayo sasa yanachimbuliwa kiholela na watu wasiojua wanachokigusa.

Wenye umri wangu hawana haja ya kukumbushwa yalikotoka. Kabla umeme wa gridi ya taifa haujafika huku, mji ulitegemea mitambo ya dizeli, na umeme ulikuwa ukikatika usiku wa harusi sawasawa na usiku wa matanga. Aliyekuwa na uwezo alinunua jenereta yake. Mafuta yaliletwa kwa mashua, mapipa kwa mapipa, na bahari ikichafuka yalichelewa. Kwa hiyo mwenye nyumba alitaka akiba ya mwezi mmoja au miwili, na kwa sababu ua ni mdogo, na moto unaogopwa katika mji wa mapaa ya makuti, tangi lilizikwa. Leo umeme wa gridi upo, paneli za jua zimepanda mapaani, na jenereta nyingi zimeuzwa. Matangi yalibaki chini, yakasahauliwa, mpaka biashara ya vyuma chakavu ilipowakumbusha watu kwamba chini ya mchanga wao kuna karibu nusu tani ya chuma.

Mwezi uliopita nilipita katika kichochoro kimoja cha Mkomani nikaona vijana wawili wamelitoa nusu tangi la namna hiyo, mmoja akiwa amelipanda mgongoni na grainda mkononi, cheche zikiruka, na watoto wa madrasa wamesimama mlangoni wakitazama. Nilipowaomba waache, mkubwa wao alinijibu kwa adabu: “Mzee, hii ni dizeli, si petroli. Dizeli haishiki moto.”

Neno lake lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoua. Ni kweli kwamba petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi kali, wakati dizeli huhitaji kupashwa moto hadi nyuzi 55 au 60 hivi za Selsiasi ndipo mvuke wake ushike. Lakini bati la chuma linalokatwa kwa grainda au kwa gesi hupita nyuzi hizo kwa mbali sana, na tope la mafuta lililoganda kwa ndani huchemka papo hapo. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa, hivyo mvuke hauna wa kuchanganyika naye. Lililo tupu lina mvuke na hewa pamoja, limefungika pande zote, na likilipuka nguvu yote hutokea pale alipokaa fundi. Ndiyo maana sisi tuliofanya kazi melini tulifundishwa kuogopa tangi tupu kuliko lililojaa.

Nilikuwa baharia kwa miaka mingi, na nilizoea kanuni moja ambayo haikuvunjwa hata na nahodha: hakuna anayeingia ndani ya tangi mpaka hewa yake ipimwe, na hakuna anayeingia bila mwenzake kusimama mdomoni akiwa na kamba. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kama SOLAS, tangu Januari 2015 unawataka wahusika melini wafanye zoezi la kuingia na kuokoa mtu katika sehemu zilizofungika angalau mara moja kila miezi miwili. Sababu yake ni kwamba watu wamekufa sana humo, na miongoni mwa waliokufa wamo wengi walioingia mbio kumtoa mwenzao aliyeanguka. Hewa ya kawaida ina oksijeni takriban asilimia 21. Ikishuka chini ya asilimia 19.5, mtu hafai kuingia. Kutu peke yake, bila mafuta, hula oksijeni ya tangi lililofungwa. Tena penye maji yaliyotuama chini ya dizeli, hasa yenye chumvi, vijidudu huweza kutoa gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ikizidi huua kwanza pua isinuse, kisha ikamuua mwenye pua. Kijana anayeteremka na ndoo na kitambaa usoni kwenda kukomba tope hajikingi na lolote kati ya hayo.

Hayo ni ya mchimbaji. Linalotuhusu sote ni maji, na hapa naomba wasomaji wanivumilie niseme kwa kirefu kidogo.

Mji wa Lamu hunywa maji ya mvua iliyonyesha juu ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hupenya mchangani, ikashuka, na kwa kuwa chini ya kisiwa kuna maji ya bahari, haya matamu huelea juu ya yale ya chumvi. Hayachanganyiki upesi kwa sababu ya uzito: lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi, ya maji matamu kilo 1. Tofauti hiyo ndogo ndiyo uhai wetu. Wataalamu wa maji hukadiria kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, mita 40 hivi zipo chini yake, na kwamba ukiyavuta kwa pupa, chumvi hupanda. Wazee wetu walilijua hili bila hesabu, ndiyo maana walichimba visima vifupi na kuchota kwa kiasi.

Sasa dizeli. Lita yake moja ina takriban kilo 0.84. Ikivuja kutoka kwenye tangi hupita mchangani haraka, kwa kuwa mchanga wetu hauna udongo wa mfinyanzi wa kuizuia, mpaka ifike kwenye maji matamu, na hapo husimama. Huelea juu ya maji matamu kama yenyewe yanavyoelea juu ya yale ya chumvi. Na ndoo yetu ya kisimani huchota wapi? Huchota juu. Ingekuwa dizeli ni nzito ikazama, huenda tungeweza kuishi nayo kwa muda. Lakini imejiweka mahali palepale tunapotia kikombe. Sehemu yake ndogo huyeyuka ndani ya maji, na miongoni mwa vinavyoyeyuka imo kemikali iitwayo benzini, inayojulikana kusababisha saratani, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita ya maji ya kunywa. Kiasi hicho hakiwezi kuonekana wala kuonjeka.

Nisiwanyooshee wengine kidole tu. Marehemu kaka yangu alikuwa na nyumba Shela, aliyowahi kuifanya ya wageni, na uani mwake alizika tangi la lita 3,000. Nyumba ilipoangukia mikononi mwetu sisi warithi, tuliuza jenereta na tukapanda miasumini juu ya tangi. Bibi jirani yetu alinilalamikia mara mbili kwamba maji ya kisima chake yana harufu na hayatoi povu la sabuni vizuri. Nilimwambia ni mafuta ya mashine za boti, watu wanayamwaga ovyo. Nilisema hivyo kwa sababu ndilo jibu lililonigharimu kidogo, na nimemwomba radhi.

Tulipoamua kuliondoa, nilimwita fundi wa kuchomelea ninayemjua tangu utoto wake. Alizunguka ua, akagonga kifuniko kwa kisigino, akaniambia: “Ami, hili ni tupu. Nalikata vipande vinne kabla ya adhuhuri, punda wanachukua, wewe unalipwa na mwenye skrepu.” Bei yake ilikuwa nzuri mno. Mpwa wangu aliye Mombasa, ambaye kazi yake ni kusafisha matangi ya meli, ndiye aliyenizuia kwa simu. Hakunihubiria. Aliniuliza tu, “Mjomba, umeshatia ufito?” Nikaona haya, maana kupima kina cha tangi kwa ufito ni jambo la kwanza baharia hufanya. Nikatia ufito uliopakwa ile dawa inayogeuka rangi ikigusa maji. Tangi “tupu” lilikuwa na shibiri tatu za dizeli, na chini yake shibiri moja ya maji. Maji hayo yakikaa chini ndiyo yanayotoboa chuma kwa ndani, huku mwenye nyumba akiamini kwamba adui yupo nje.

Tukaajiri kampuni kutoka Mombasa, na bei ilikuwa mara nne ya ile ya fundi. Nitaeleza walichofanya, ili msomaji anayefikiria kuita watu ajue anapaswa kuona nini kwa fedha yake. Walikuja siku mbili kabla, wakapima umbali wa tangi na ukuta, kwa sababu nyumba zetu za matumbawe na chokaa zimekaa juu ya mchanga, na shimo lililochimbwa karibu na msingi bila kuegemezwa mbao huweza kuuteremsha ukuta. Wakauliza usawa wa maji ya chini uko wapi wakati wa bamvua, swali ambalo lilinifurahisha, kwani tangi likimalizwa mafuta huku maji ya ardhini yamepanda, huelea na kujisukuma juu kama mtumbwi. Siku ya kazi walizima majiko ya uani, wakavuta dizeli kwa pampu isiyotoa cheche ikaingia mapipani, wakafungua mdomo wa tangi na kuliingizia hewa kwa feni kwa saa kadhaa. Kisha kipimo cha gesi kiliteremshwa kwa uzi, juu, katikati na chini, kwa sababu mvuke wa dizeli ni mzito kuliko hewa na hulala chini. Aliyepima mdomoni tu hajapima. Waliliosha ndani, wakapima tena, wakaandika namba na saa.

Tangi halikukatwa uani kabisa. Walilinyanyua zima kwa mnyororo na gurudumu lililotundikwa kwenye boriti tatu za mikoko, wakaliviringisha juu ya boriti nyingine hadi ufukweni maji yakiwa yamekupwa, na yalipojaa likapanda mashua kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, ambako lori lilikuwa likisubiri. Nilipolikagua tumboni lilikuwa na matundu matatu. Kubwa kuliko yote lisingepitisha punje ya mchele. Mchanga uliokuwa chini yake ulikuwa wa kijivu, na harufu yake ilinirudisha katika chumba cha injini.

Hapa ndipo nilipoona tofauti ya mtaalamu na mbeba chuma. Fundi wangu angefukia shimo jioni ileile. Hawa walichimba wakifuata harufu na kipimo mpaka mita moja na nusu chini ya kitako cha tangi, wakatia mchanga mchafu katika mifuko, wakachukua vielelezo kutoka chini na pembeni, wakavitia katika chupa za kioo ndani ya sanduku la barafu, na pia maji ya kisima cha jirani. Majibu ya maabara yalionyesha mafuta katika maji yale. Kisima kimefungwa kwa kunywa na kupikia, na kitapimwa tena baada ya masika. Nyumba yetu ndiyo inayomlipia bibi yule maji mengine, na ndivyo inavyostahili.

Katika nchi za baridi jambo hili limekuwa kubwa kabla yetu, ingawa mafuta yao ni ya kupashia nyumba joto. Huko Marekani, hasa majimbo ya kaskazini mashariki, nyumba nyingi za zamani zina tangi chini ya bustani, na mnunuzi mwenye akili huajiri mtu apite na chombo cha kutambua chuma kabla hajatoa fedha. Sheria kuu ya nchi hiyo kuhusu matangi ya ardhini imeyaacha kando matangi ya mafuta ya kupashia joto nyumba yenyewe, ikayaachia majimbo. Na jimbo la New Jersey huwataka wanaoyaondoa wawe na cheti. Nayataja si kwa kuwa lazima tuige, ila kwa sababu huwa naambiwa barazani kwamba haya ni mambo ya kampuni za mafuta, hayahusu nyumba ya mtu.

Yanahusu, hata kwa sheria zetu. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na bibi jirani yangu ni mtu. Tope la mafuta na mchanga uliolowa dizeli ni taka za hatari, na mwenye kuzisafirisha anapaswa kuwa na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamlinda kibarua. Mnunuzi wa chuma naye anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015. Kwa hiyo anayeajiri na aombe kuonyeshwa leseni, aulize hewa itapimwa kwa chombo gani, mafuta na mchanga vinapelekwa wapi, na adai karatasi ya maabara mkononi mwake. Kampuni inayokasirishwa na maswali hayo iachwe ishuke gatini irudi kwao.

Najua kinachowazuia watu ni gharama, na sitaki kujifanya kwamba ni ndogo. Kisiwani hakuna gari la kunyonya mafuta litakalofika mlangoni. Kila kitu hubebwa, hupakiwa mashuani na kupakuliwa Mokowe. Lakini sehemu kubwa ya fedha tuliyolipa ilikuwa ya safari, vyombo na mashua, ambayo ingekuwa ileile hata kama wangeondoa matangi manne. Laiti ningejua mapema, ningewatafuta wenye nyumba wa mtaa mzima, tukachanga. Nashauri hivyo kwa Shela, Mkomani na Langoni: majirani wahesabu matangi yao, wawaite watu wamoja kwa msimu mmoja, kabla ya mvua. Serikali ya kaunti nayo ingesaidia kwa kuweka daftari la matangi haya na kupima visima vilivyo karibu nayo, kwa kuanzia na vile vya upande wa vilima vya mchanga. Kwa wale watakaoendelea na jenereta, tangi liwe juu ya ardhi ambapo jicho huliona, ndani ya ukuta mdogo unaoweza kuzuia mafuta yake yote na ziada ya asilimia 10.

Wapo watakaosema litolewe mafuta, lijazwe mchanga au zege na liachwe lilipo. Hufanywa hivyo kwingineko pale ambapo kulichimbua kungeangusha jengo, na katika Mji Mkongwe wa Lamu, ambao umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, huenda nyumba kadhaa zikahitaji njia hiyo. Hata hapo lazima kwanza lisafishwe na mchanga wa chini upimwe. Kwa Shela, juu ya maji tunayokunywa, mimi siikubali: tangi lililojazwa zege halionyeshi matundu yake, na asiyeyaona matundu hatauchimba mchanga uliolowa.

Fundi wangu wa kuchomelea sikumwacha. Nilimwombea kazi ya kuchimba na kuegemeza shimo, na siku zote mbili alisimama nyuma ya yule mwenye kipimo akisoma namba pamoja naye. Walipoondoka aliniuliza chombo kile kinauzwa wapi, na ni chuo gani hapa Lamu kitakachomfundisha kukitumia apate cheti, ili mara nyingine wasiitwe watu wa Mombasa. Nimeuliza katika ofisi mbili bila kupata jibu. Kama wakuu wa vyuo vya ufundi vya kaunti hii wanalisoma gazeti lako, namwombea nafasi, na wapo wenzake watano au sita ambao naweza kuwaleta mimi mwenyewe.

Wako,
Baharia mstaafu,
Langoni, Lamu